Ng'ombe Arobaini wa Lori

Nyaramba,
16 Januari 1949

Mwanangu Makori,

Nakusalimu, kisha nakusalimu tena, maana salamu ya kwanza huenda ikapotea pale stesheni ya Kisumu kama ulivyopotea wewe mwaka ule ukienda kuanza kazi. Sisi huku tu wazima. Mguu wa mama yako umepoa tangu aache kupanda mlima wa kanisani na kuanza kusali na wale wa bondeni. Dada yako Loice amejifungua mtoto wa kiume kwa mumewe huko Ikonge, na mtoto ana sauti ya sajini. Mama yako mdogo Esnah anauliza kama huko Nairobi bado mnakula mkate badala ya chakula. Wimbi limekubali shambani. Ranguni, fahali wangu, amenenepa mpaka zizi limekuwa dogo. Watu wanaacha njia yao ya sokoni wapite hapa wamwone, na mimi sijachoka kusimama naye wakimtazama.

Usishangae kuona Kiswahili. Kigusii nakisema, lakini kuandika nilifundishwa jeshini, na kalamu yangu haijui lugha nyingine.

Sasa neno lenyewe. Nimenunua lori! Lilikuwa la jeshi, limezeeka kidogo, na breki zake zinataka kubembelezwa, lakini injini ni nzima. Natoa ndizi na mahindi hapa Nyaramba hadi Kisii mjini, nikirudi nabeba chumvi, mabati na watu wa kanisa. Siku ya Sabato halitembei.

Wiki jana askari mmoja, Okoth, alilaza mti barabarani karibu na Ikonge. Akataka leseni, nikatoa. Akatazama tairi zangu akacheka, nami nikacheka naye ili asihesabu nyufa. Kisha akataka cheti cha bima. Nikamwuliza bima ni nini. Akasema ni sheria: mwenye gari alipie kampuni, ili lori likimgonga mtu wa tatu, huyo wa tatu alipwe. Nikamwuliza wa kwanza na wa pili ni nani. Akasema hajui, alifundishwa huyo wa tatu tu.

Tukiwa hapo yakaja malori mawili ya kampuni kubwa ya chai, na nyuma yao lori la serikali la kutengeneza barabara. Okoth akainua mti akapiga saluti. Nikamwuliza cheti cha hawa kiko wapi. Akasema hawa wamesamehewa: kampuni imeweka amana kwa serikali, na serikali ni serikali.

Makori, wewe unaketi katika ofisi hiyohiyo inayoandika bima. Niambie msamaha huu unaombwa kwa karatasi gani. Mimi si maskini. Nilikwenda vitani Bama nikarudi na viungo vyote, nina lori, nina Ranguni. Okoth amenipa muda hadi mvua zianze.

Ni mimi baba yako mdogo,
Nyangau

* * *

Shauri Moyo, Nairobi,
6 Februari 1949

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nilisomewa kwanza na rafiki yangu ninayekaa naye, kwa sababu aliifungua kwa makosa, na sasa anamuuliza kila mtu kama ameshasikia habari za Ranguni. Mimi ni mzima. Mwambie mama nimepokea ile chupa ya samli, haikuvuja. Mwambie mama mdogo Esnah kwamba mkate tunakula, lakini kwa huzuni.

Hongera kwa lori. Kuhusu bima, nieleze vizuri kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mtu wa kwanza ni wewe mwenye lori. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni mtu yeyote aliyeko barabarani, ambaye hukumjua wala hakukujua mpaka mlipokutana kwa bahati mbaya. Bima hii haikulindi wewe, Baba, wala hailindi lori. Ni ya huyo.

Msamaha upo kweli. Tajiri au shirika kubwa likiweka fedha taslimu kwa serikali, haliulizwi cheti. Lakini kiasi chenyewe mimi hukiandika kwa Kiingereza tu, kwa sababu nikikisema kwa Kiswahili napata kizunguzungu. Na fedha hizo zikishawekwa, mwenyewe hazigusi tena. Hukaa zikimngoja huyo mtu wa tatu. Bima ya lori lako kwa mwaka mzima haizidi bei ya ndama. Ukikubali, nitakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu.

Nina neno langu pia. Nimempata msichana, Persis, binti wa Mzee Onyancha wa Masimba. Anasomea uuguzi hapa. Tumezungumza mwaka mzima na sijamchoka, na yeye anasema bado ananivumilia. Baba yake amekubali kuja Nyaramba kukagua ng'ombe wa mahari Jumapili, tarehe 14 Agosti. Ni wale wanane walioletwa kwa ajili ya Loice, ambao marehemu baba alikuachia uwatunze mpaka siku yangu ifike. Loice mwenyewe ameniandikia kuwa amefurahi: mahari yake ndiyo nitakayooa nayo mimi, kama ilivyo kwetu. Naomba tu wawe tayari.

Mwanao mtiifu,
Makori

* * *

Nyaramba,
24 Aprili 1949

Mwanangu Makori,

Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo lililochelewa. Mvua imenyesha mpaka barabara ya Ikonge imekuwa uji, na siku ambazo sikuwa nikisukuma lori nilikuwa nimeketi mikutanoni. Mama yako ni mzima. Mtoto wa Loice ameota jino na ameshamuuma mchungaji. Ranguni alimrusha mbwa wa jirani juu ya ua. Mbwa hakuumia, ila amebadilika tabia.

Habari za Persis ni njema. Masimba kuna watu wazuri. Tutazungumza.

Sasa neno la bima. Nimeisoma barua yako mara nne. Umeeleza vizuri, ila kuna mahali ofisi yako haijafikiri. Unasema msamaha ni wa matajiri na mashirika makubwa. Nikajiuliza, shirika kubwa ni nini? Hiyo kampuni ya chai ni watu walioketi mahali fulani Ulaya wakakubaliana mali yao iitwe moja. Basi! Na sisi tuliketi. Tena sisi hatukuanza juzi, maana ukoo wetu ulikuwapo kabla ya chai.

Niliita nyumba zote, kuanzia mtoni hadi sokoni, nyumba thelathini na mbili. Nikawaeleza habari za mtu wa tatu. Walibishana siku tatu, wakala mbuzi wangu wawili, kisha wakakubali. Kila nyumba imetoa ng'ombe mmoja wa amana, na mimi mwenye lori nimetoa wanane. Ni ng'ombe arobaini. Niambie kama kuna Mzungu huko Nairobi mwenye ng'ombe arobaini wa kuweka kwa ajili ya mtu asiyemjua!

Tumewakata alama kwenye sikio la kushoto, pembe tatu ndogo, ili kila mtu ajue kuwa huyu ni ng'ombe wa lori. Mwenye alama haruhusiwi kuuzwa, kuchinjwa wala kutolewa mahari maadamu lori linatembea. Anakaa kwa mwenyewe, anakamuliwa kama kawaida, anangoja. Mwalimu wa shule alituandikia orodha, jina la mtu na rangi ya ng'ombe, nami nikaipeleka Kisii kwenye ofisi ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya. Karani aliisoma, akanitazama, akaisoma tena, akaipiga muhuri wa zambarau.

Okoth alipouona muhuri huo alisimama wima. Sasa napita, na mti unainuliwa. Saluti bado, lakini itakuja.

Baba yako mdogo,
Nyangau

* * *

Shauri Moyo, Nairobi,
15 Mei 1949

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa mvua na kwa jino la mtoto. Mimi nilipata homa ikapita, Persis aliniletea dawa chungu kuliko homa yenyewe.

Baba, nilikaa na barua yako wiki nzima nikitafuta njia ya kukuambia bila kukukosea adabu. Muhuri ule wa zambarau unasema kwa Kiingereza "Imepokelewa". Hausemi imekubaliwa. Hapa ofisini tunaupiga hata kwenye barua za watu wanaoomba kazi, na kesho yake tunawanyima. Okoth amesimama wima kwa sababu hajui Kiingereza kizuri.

Nilimsimulia bwana wangu wa kazi, ni Mhindi mpole. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka akasema wazo lenyewe si baya hata kidogo, ila ana swali moja: siku lori likimgonga mtu, nani atakwenda zizini kumtoa ng'ombe? Nikamwambia sijui, nitauliza. Nakuuliza.

Tena kuna kitu ambacho sikukielewa. Umeandika kuwa wewe umetoa ng'ombe wanane. Mimi ninavyokumbuka zizi lako, una Ranguni na ng'ombe wawili wa maziwa. Labda umenunua wengine. Kama umenunua, hongera, na unisamehe kwa kuuliza.

Mzee Onyancha hajabadilisha siku. Tarehe 14 Agosti.

Mwanao,
Makori

* * *

Nyaramba,
12 Juni 1949

Mwanangu Makori,

Salamu. Mama yako mzima, Esnah mzima, Loice mzima, mtoto wake ana meno manne. Ranguni amepewa chumvi na mgeni kutoka Kericho aliyetaka kumnunua, akala chumvi, mgeni akaenda zake. Siwezi kumuuza Ranguni hata nikiamka bila suruali.

Mkanda wa feni umekatika. Ninatumia soksi ya jeshi. Nitumie mwingine kwa basi.

Mvua imepungua. Ng'ombe wako wanakula vizuri na wanazidi kunawiri, usiwe na wasiwasi kuhusu miili yao.

Baba yako mdogo,
Nyangau

* * *

Shauri Moyo, Nairobi,
3 Julai 1949

Baba,

Shikamoo. Mkanda nimeutuma, utauchukua Kisii dukani kwa yule Mhindi wa mabati.

Miili yao sina wasiwasi nayo. Loice ameniandikia kuhusu masikio yao.

Sijakasirika. Nimeiandika barua hii mara tatu ili isionekane nimekasirika, na mbili za kwanza nimezichana. Lakini ng'ombe wale si wako, Baba, na si wangu bado. Walitoka kwa Loice. Yeye ndiye aliyeondoka nyumbani ili waje. Umewakata masikio bila kumwambia yeye wala mimi, ukaniandikia kurasa mbili juu ya muhuri.

Mzee Onyancha ameshasikia. Masimba nzima imesikia, kwa sababu lori lako linapita huko na wewe hukai kimya. Amemwambia Persis kwamba ng'ombe mwenye alama hiyo ni mali ya mtu ambaye bado hajagongwa, na yeye hawezi kupokea mahari ya ng'ombe wa mtu mwingine. Kama tarehe 14 Agosti hawajawa huru, hatakuja. Yuko seremala mmoja wa Kisii mwenye ng'ombe kumi, wote masikio mazima, na amekwisha kutuma washenga.

Persis anasema hamtaki seremala. Lakini anampenda baba yake, na mimi sitaki kumwoa kwa kumtorosha.

Nakuomba uwafungue ng'ombe hao. Bima naweza kukulipia mimi kwa mshahara wangu.

Makori

* * *

Nyaramba,
24 Julai 1949

Mwanangu,

Salamu zetu zikufikie. Mama yako ni mzima. Esnah ni mzima lakini hasemi nami tangu Jumatano. Ranguni yuko.

Nilikuwa nimekaa kukujibu kwa ukali. Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari, mengine ya jeshini. Sasa siyahitaji tena.

Jumatano ilikuwa siku ya soko. Niliegesha lori pale juu, penye mteremko. Siku zote naweka jiwe nyuma ya gurudumu. Siku hiyo walikuja wazee wawili wa upande wa pili wa mto, hawajauona muhuri, nami nikaona niwaonyeshe kwanza, jiwe baadaye. Nikaikunjua orodha. Nikawasomea jina la kwanza, la pili, na nilipofika la tano nikaona wazee wanatazama nyuma yangu.

Lori lilikuwa linashuka. Halikuwa na haraka, lilishuka polepole kama mtu anayekwenda kusalimia. Chini ya mteremko alikuwapo Zilpa, mama wa Kijaluo anayetuletea samaki kutoka ziwani. Unamkumbuka, yule anayecheka mpaka soko lote linageuka. Alikuwa ameinama kwenye kapu. Lori likamsukuma, likamwangusha, likapanda juu ya kapu, likasimama.

Nilikimbia nikidhani nimeua mtu. Nilimkuta ameketi chini, mkono wake wa kulia umevunjika, samaki wamelala pande zote. Akanitazama akasema, "Mzee, hii lori yako imenunua samaki yangu yote. Sasa ilipe." Akacheka, kisha akalia kwa maumivu, kisha akacheka tena. Makori, sijawahi kuona aibu namna ile, hata Bama.

Tulimpeleka hospitali ya misheni. Mkono umefungwa. Hatabeba kapu kwa miezi minne, labda mitano, na ana watoto watano wanaokula kwa kapu hilo. Okoth alikuja akauchukua ule muhuri wangu, akaupeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa wake akamsomea. Okoth alirudi ameninunia. Amelifunga lori mpaka nilete cheti cha kweli.

Nikaita ule ukoo. Nikasema, haya, mtu wa tatu amepatikana, tutoe ng'ombe wawili tumlipe.

Wa kwanza akasema wake ana mimba. Wa pili akasema alama ya sikio imepona, kwa hiyo si yule tena. Wa tatu akasema yeye alikubali kwa ajili ya lori linalokwenda, na hili lilikuwa limeegeshwa. Mmoja akasema ng'ombe wake alikufa Mei, na ndama hakuwekwa kwenye orodha. Wote thelathini na mbili walikuwa na neno. Mwisho akasimama mzee mmoja, simtaji maana ni ndugu yako pia, akasema, "Angekuwa mtu wetu tungetoa. Huyu si arudi kwao, wamsaidie?" Nikaona vichwa vinaitikia.

Yule Mhindi wako aliuliza nani atakwenda zizini. Mwambie hakuna. Kampuni ya chai iliweka amana yake mahali ambapo mkono wake haufiki. Sisi yetu tuliiweka kila mtu kwake, tukaendelea kuikamua. Nilikuwa na ng'ombe arobaini kwenye karatasi, na siku ya haja ng'ombe niliowafikia ni wale wanane walioko zizini kwangu. Wa Loice.

Sijui la kufanya, na sijawahi kukuandikia maneno hayo.

Nyangau

* * *

Shauri Moyo, Nairobi,
31 Julai 1949

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika jana jioni, na leo asubuhi nimeonana na Persis tukaisoma pamoja.

Toa wawili katika wale wanane umpe mama Zilpa. Usingoje ukoo. Persis ndiye aliyesema kwanza, mimi nilikuwa bado nimeshika kichwa. Amesema mkono wa kulia kwa mwanamke anayefanya biashara si jambo la kungoja mkutano. Nimemwandikia Loice kumwomba ruhusa, najua atakubali.

Nitamwomba Mzee Onyancha anipe mwaka mmoja. Akikataa, amekataa. Nilikukasirikia, Baba, na bado nimekasirika kidogo, lakini sitaki kuoa kwa ng'ombe ambao mama yule alistahili kulipwa.

Mwanao,
Makori

* * *

Nyaramba,
2 Agosti 1949

Mwanangu Makori,

Salamu. Sijapata barua yako, kama uliniandikia. Natumaini hujanyamaza kwa hasira.

Njoo tarehe 14, na Mzee Onyancha mwambie aje. Ng'ombe wanane wako hapa, wote wanane, na hawana deni kwa lori wala kwa mtu. Masikio siwezi kuyashona. Zilpa amelipwa, ameridhika mbele ya mashahidi, na amenitukana kwa upendo.

Mama yako ni mzima. Mtoto wa Loice anatambaa. Esnah amerudi kusema nami, na sasa hanyamazi. Mahindi yamebeba.

Usiniulize mengi. Njoo umevaa koti.

Baba yako mdogo,
Nyangau

* * *

Shauri Moyo, Nairobi,
4 Septemba 1949

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, na ndizi zilifika zimeiva. Nusu nimempelekea Persis, na nusu amekula yule rafiki yangu anayefungua barua za watu.

Barua zetu zilipishana njiani, ndiyo maana ulinishangaa nilipofika nikiuliza ni ng'ombe gani wawili waliokwenda. Lakini kabla hata sijafika niliona kitu kwenye barua yako ya Agosti. Ulinipa habari za mama, mtoto, mama mdogo na mahindi. Hukunipa habari za Ranguni. Tangu uliporudi vitani hujawahi kuniandikia barua bila Ranguni. Niliisoma tena na tena garini nikijua, na nikakataa kujua, mpaka nilipoliona zizi.

Mbele ya watu sikusema neno kwa kuwa wewe hukusema. Sasa nitasema, maana usoni kwako nisingeweza. Ulitembea siku nzima kwa miguu ukamuuza fahali wako, ukampa mama Zilpa fedha zote, ili masikio ya ng'ombe wa dada yangu yasiwe na maana tena. Loice ndiye aliyeniambia. Anasema ulimfuata Ikonge ukamwomba radhi umesimama, ukakataa kiti. Nilipoyasikia hayo hasira yangu iliyobaki yote ilikwisha. Nakupenda, Baba. Haya tunayaandika tu, hatuyasemi.

Kuna jambo jingine hukulisikia siku ile. Ulipokwenda kuliwasha lori ili lisisahau kunguruma, Mzee Onyancha alikuwa bado anazunguka ng'ombe wetu. Alimshika mmoja sikio, akamwuliza Loice, "Hii alama maana yake bado ipo?" Nilidhani tumekwisha. Loice akamweleza yote, jiwe, kapu, mkutano, fahali, bila kupunguza. Mzee akatazama zizi la Ranguni kwa muda mrefu. Akasema, "Seremala ana ng'ombe wazuri. Lakini sijui angefanya nini siku ya kulipa mgeni. Hawa nimeshawaona." Kisha akanigeukia akaniuliza kama nina koti jingine la harusi, maana hilo limepauka.

Harusi ni Desemba, Jumapili ya tarehe 18. Persis anataka aje Nyaramba kwa lori lako. Ndiyo maana nimeweka fomu ya bima ndani ya bahasha hii. Ijaze kwa wino, urudishe upesi, nami nitakuandikia cheti kwa mkono wangu kama nilivyoahidi. Mahali usipoelewa, acha wazi.

Mwanao,
Makori

* * *

Nyaramba,
18 Septemba 1949

Mwanangu Makori,

Nakusalimu mara moja tu leo, maana nina kazi ya kujaza karatasi. Tu wazima wote. Mama yako anashona. Esnah anahesabu kuku na kuku wameanza kujificha. Mtoto wa Loice amesimama akishika ukuta, akaona amesimama, akaogopa akakaa.

Habari za Ranguni: nasikia yuko Keroka na anasumbua. Nimefurahi. Tena nikuambie siri. Yule ng'ombe mweupe katika wale wanane ana mimba yake. Mzee Onyancha hajui kuwa anampata Ranguni mdogo bure. Usimwambie mpaka Januari.

Mengine uliyoandika nimeyasoma. Nimeiweka barua hiyo kwenye sanduku la jeshi pamoja na medali.

Nakurudishia fomu. Jina nimeandika. Rangi ya lori nimeandika kijani, ingawa ni kijani kwa kukumbuka. Walipouliza kama dereva amewahi kupata ajali, nimeandika ndiyo, na nikaeleza habari za jiwe, na nafasi haikutosha, nikaendelea nyuma. Ofisi yako isije ikasema nilificha.

Sasa pale chini panaposema juu ya mtu wa tatu. Nilitafuta mahali pa kuandika jina lake sikupaona. Nikamwuliza mwalimu wa shule, akasema hapaandikwi, kwa sababu hajulikani ni nani. Mimi namjua. Anakuja hapa kila siku ya soko, mkono umeanza kunyooka, na juzi alimwambia Esnah kuwa siku ya harusi atakaa mbele kwenye lori, karibu na bibi arusi, kwa sababu lori hilo anajua vizuri wapi ni hatari kusimama.

Basi nimechora mstari mwenyewe, kwa rula, nikaandika juu yake: Zilpa, muuza samaki, soko la Nyaramba. Mwambie bwana wako wa kazi asiufute.

Baba yako,
Nyangau